Kona ya Kutulia ya Rejeanne Voisine

Swali langu lilikuwa dogo tu. Shule inaletewa programu, pesa zinaisha, halafu nini? Watu wa elimu wana majibu ya kurasa nyingi. Nimeyasoma. Kila mstari wa tatu yanasema "uendelevu", na hakuna hata moja linalomtaja mtu kwa jina. Kwa hiyo nilikwenda kumuuliza Rejeanne Voisine, na kabla hajanijibu akanikabidhi ndoo ya chumvi nikamwage kwenye ngazi za shule, maana zilikuwa zimeganda barafu na mtunza majengo alikuwa anaumwa.

Rejeanne ana miaka hamsini na nane. Hapa Bracken Falls, juu kabisa kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, hakuna anayemwita Rejeanne isipokuwa mama yake na watu wa benki. Sisi wengine tunamwita Reggie, na watoto wa shule wanamwita Bi Reggie. Mumewe, Lucien, alifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka kilipofungwa, na ana kisukari cha kuchoma sindano. Shika hilo la sindano, kwa sababu kwetu bima ya afya inakuja na kazi, na dawa ya Lucien inakuja na kazi ya Reggie. Kazi ikiondoka, dawa nayo inaondoka. Hakuna hadithi ndefu hapo.

Kabla ya shule alikuwa mtu wa uwanja wa barafu. Kwenye karatasi, kazi yake ilikuwa kuuza tiketi na kuendesha lile gari la kulainisha barafu wakati wa mapumziko. Lakini kilichompa jina ni kibanda cha adhabu. Kwenye hoki ya barafu, ukimchapa mwenzako fimbo, refa anakutoa, unakwenda kukaa kwenye kibanda cha vioo dakika mbili huku timu yako inacheza pungufu. Lazima awepo mtu wa kukufungulia kimlango. Kazi yenyewe haina malipo, baridi inakula miguu, na unatukanwa na watu wa rika zote. Reggie aliifanya karibu miaka ishirini.

Nilimuuliza mtu anakaaje miaka yote hiyo na watu waliochemka. Akasema alikuwa anapenda kuwaangalia. Kuna anayetukana, kuna anayekaa kimya huku goti linacheza, kuna anayelia ndani ya kofia ngumu ili baba yake asione. Alichojifunza ni kimoja: mwanzoni usiseme kitu. Ukimsemesha mapema, hasira aliyokuwa nayo kwa refa anakuhamishia wewe.

Halafu zikaja pesa za korona. Serikali kuu ilimwaga pesa mashuleni, na wilaya yetu, kama nyingine nyingi, ikanunua programu ya masomo ya hisia. Wazo lake si baya: mtoto ajue amekasirika kabla hajarusha kiti, amsikilize mwenzake mpaka amalize, akikosea aende kutengeneza alichoharibu. Ilikuja na mabango ya sura za katuni, vitabu vya walimu, na leseni ya kompyuta inayolipiwa kila mwaka. Ilikuja pia na nafasi moja ya kazi, msaidizi wa programu. Walioomba walikuwa watatu. Mmoja hakutokea kwenye usaili, mwingine aliulizia likizo kabla ya kuulizia kazi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Kirsten Haskell, akamchukua Reggie.

Watu walicheka. Walisema Haskell kaajiri bawabu wa wahuni. Wengine walinuna, eti hisia zinafundishwa nyumbani. Mimi nazijua nyumba za baadhi ya waliosema hivyo, kwa hiyo nanyamaza.

Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Asubuhi, Reggie anapita darasa moja baada ya jingine, watoto wanakaa duara, kila mmoja anasema ameamkaje. Sehemu ya pili ilikuwa Kona ya Kutulia, kistoo cha nyuma ya maktaba kilichosafishwa na kuwekwa zulia, mito mikubwa ya kukalia na picha inayokuonyesha jinsi ya kuvuta pumzi. Mtoto akizidiwa darasani anakwenda pale, anatulia, anarudi.

Kitabu cha programu kilisema mtoto akae mpaka awe tayari. Reggie akaona hayo maneno hayana kichwa wala miguu. Tayari ni lini? Nani anaamua? Basi akafanya anachokijua. Akaweka saa ya mchanga ya dakika mbili, akaweka kiti chake kando ya mlango, mtoto akiingia yeye anafunga, mchanga ukiisha yeye anafungua. Katikati hapo hasemi kitu.

Sasa nyie mnaosoma mmeshajua kilichotokea. Yeye hakujua, mwalimu mkuu hakujua, hata mimi niliyekulia kwenye uwanja uleule sikujua.

Mwaka wa kwanza watoto walikuja mmoja mmoja. Mwaka wa pili wakaongezeka. Msimu wa baridi wa mwaka wa tatu walikuwa wanapishana mlangoni. Haskell akatengeneza mchoro, ule wa mstari, na mstari ulikuwa unapanda tu. Alifurahi, na alikuwa na haki. Pesa za korona zilikuwa zinaisha kiangazi kile, na kuanzia hapo programu ingelipiwa na kodi za nyumba za wakazi, na wakazi wenyewe ndio wanaopiga kura mwezi wa Juni, ukumbini, kwa kuinua mikono. Unawaambiaje watu ambao kiwanda chao kimefungwa walipie mito ya kukalia? Unawaonyesha mchoro. Hakuwa na kitu kingine.

Jumamosi moja ya Februari Reggie alikuwa uwanjani anauza kakao ya moto. Mbele yake kulikuwa na kikundi cha wasichana wa darasa la nne, na katikati yao Delphine Cyr, mtoto mdogo wa umbo, mdomo mkubwa. Delphine alikuwa anatangaza kwamba ana dakika arobaini na nane, na kwamba Owen Plourde ana thelathini tu na bado anajiona mbabe.

Reggie alishangaa, kwa sababu Delphine alikuwa na mkono kwenye plasta tangu Krismasi na hakuwa amecheza mechi hata moja. Akamuuliza ni dakika za wapi hizo.

"Za kwako, Bi Reggie," Delphine akasema, kama mtu anayemkumbusha bibi yake alipoweka miwani. "Wewe ndiye unayetufungulia."

Shule nzima ilikuwa inahesabu. Watoto waliingia Kona ya Kutulia kama wanavyoingia kibandani, kifua mbele, wenzao wakigonga ukuta wa maktaba kwa ngumi kuwashangilia. Ijumaa ndiyo siku ya kufunga mahesabu, kwa hiyo Alhamisi kulikuwa na ngumi nyingi kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu ukitaka dakika lazima umchokoze mtu. Na wamejifunza kwa nani? Kwetu. Nenda baa yoyote hapa mjini, kuna mzee wa miaka sabini atakutajia dakika zake za adhabu za sekondari kabla hajakutajia majina ya wajukuu. Mfungaji bora tunampigia makofi, lakini mtu aliyefungiwa kibandani mara nyingi ndiye tunayemnunulia bia.

Usiku huo alimsimulia Lucien, na Lucien alicheka mpaka akaanza kukohoa. Reggie hakucheka. Lucien alipoona hacheki, akamuuliza ni nini, na Reggie akamwambia kwamba ule mchoro wa Haskell unaopanda ndio unaowapa dawa, na mchoro wenyewe ni uongo, na aliyeutengeneza ni yeye. Lucien akamwambia anyamaze mpaka Juni. Ni mtu mwema, Lucien, lakini ndiye mwenye sukari.

Jumatatu akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, akafunga mlango, akasema yote. Haskell akautoa ule mchoro kwenye droo, akauweka mezani.

"Reggie, unajua mkutano wa bajeti ni Juni."

"Najua."

"Na huo mchoro ndio kitu pekee nilicho nacho mkononi."

"Huo mchoro unahesabu watoto wanaopigana ili waje kukaa na mimi."

Haskell akapendekeza waiondoe ile saa ya mchanga shule ikifungwa, kimyakimya, baada ya kura. Reggie akamwambia kabla ya Juni kuna mtoto atang'olewa jino, na mzazi wake atasimama ukumbini na jino lenyewe kiganjani. Haskell akacheka bila kutaka, halafu akaacha kucheka, halafu akasema sawa, toa.

Lakini kuitoa hakukuwa rahisi, na hapa ndipo mimi nilipoanza kunogewa. Siku alipoondoa saa ya mchanga, watoto wakawa wanahesabu wenyewe kwa sauti, mia na ishirini, wanasimama. Akaung'oa mlango. Wakawa wanasimama pale penye fremu tupu wanamsubiri awafungulie, na mmoja alikataa kabisa kutoka mpaka Reggie akanyoosha mkono kufungua hewa. Akahamisha kiti chake, wakamfuata kwa macho. Akaweka kanuni kwamba hakuna kupelekwa na mwalimu, unakwenda ukitaka mwenyewe. Wakawa wanataka.

Kilichovunja mchezo kilikuja kwa bahati. Mwezi wa Machi Haskell alipokea simu ya mzazi mmoja, simu ya dakika nyingi na matusi ya kutosha, na akaiweka chini kwa kishindo. Reggie alikuwa anapita na karatasi za kurudufisha. Akamwambia, mama, twende. Akampeleka Kona ya Kutulia, akamvua viatu, akamwacha kwenye mto mkubwa akaenda zake. Darasa la tatu wakaja kuazima vitabu, wakamkuta mwalimu mkuu kalala chali na soksi zenye picha za bata, macho kwenye dari.

Habari ilifika darasa la kwanza kabla ya chakula cha mchana. Wiki iliyofuata mwalimu wa muziki akaenda. Halafu mpishi. Halafu yule mtunza majengo, ambaye alisinzia. Na watoto wakaanza kuachana na mchezo, kwa sababu kitu wanachokifanya wakubwa wenye soksi za bata hakina tena ubabe wowote. Ijumaa ikawa Ijumaa ya kawaida. Dakika za Delphine Cyr zikabaki palepale, hakuna aliyekuwa anazitaka.

Mstari kwenye mchoro ukaporomoka. Machi ukashuka, Aprili ukawa chini kabisa, kuna siku hakuingia mtu.

Niliwauliza walimu kama maana yake programu imefanya kazi. Mmoja aliniapia kwamba ugomvi wa uwanjani umepungua na watoto wanavuta pumzi wakiwa palepale kwenye madawati. Mwingine akaniambia nisijidanganye, wameacha tu kwa sababu imekosa raha, na sasa wanahesabu nani anarudishwa nyumbani kwa sababu ya chawa. Nilimuuliza Reggie mwenyewe. Akasema hajui. Kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho ni kwamba siku moja ya Aprili Delphine alikuja peke yake, hajagombana na mtu, akakaa mpaka kengele ikalia mara mbili, na alichosema ni kwamba baba yake amehamia Bangor na amechukua mbwa. Hakuuliza amekaa dakika ngapi.

Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo kazi. Lakini jaribu kuichora mstari.

Kabla ya mkutano Haskell alimpa Reggie nafasi ya kuamua. Wangeweza kuonyesha miaka miwili ya kwanza tu, na hakuna ambaye angeuliza. Reggie alikwenda nyumbani, akamwangalia Lucien anapima sukari, akarudi kesho yake akasema onyesha mchoro wote. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwa ukali kidogo kwamba kwenye ule ukumbi kutakuwa na watu mia mbili na watoto wao wote wanasema, je, nilidhani hakuna nyumba hata moja ambayo mtoto angesimulia juu ya zile dakika? Sikuwa nimefikiria hilo. Mimi nilikuwa najiandaa kuandika juu ya ujasiri wake, kumbe ni mtu anayejua mji ulivyo mdogo.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule. Mlangoni unapewa kadi ya kijani kama wewe ni mkazi, nyuma wazazi wanauza maharage na zile soseji zetu nyekundu, na mbele kuna mwenyekiti anayesoma fungu moja moja la bajeti: usafiri, majengo, elimu maalum. Watu wanapitisha huku wanatafuna. Fungu la programu lilipofika, Wendell Tarbox akasimama.

Wendell ana gereji na magari ya kuvuta magari mabovu. Kila mwaka anasoma kitabu chote cha bajeti, mstari kwa mstari, na watu wanamdhihaki kwa hilo wakati hawajasoma hata jalada. Ana mama wa miaka themanini na tisa anayelipa kodi ya nyumba kwa pensheni. Si mtu mbaya. Akauliza swali ambalo mimi pia ningeuliza.

"Naona mpaka Februari watoto walikuwa wanajaa pale kama kunagawiwa pipi. Tangu Aprili hayupo mtu. Sasa tunalipia chumba kitupu?"

Haskell akaanza kuinuka, lakini Reggie alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti. Hakuwa na karatasi. Alisema yeye ndiye aliyekosea, kwamba alipewa Kona ya Kutulia na kwa miaka mitatu aliiendesha kama kibanda cha adhabu, saa, mlango, kila kitu, na kwamba watoto wao walikuwa wanapeana ngumi Alhamisi ili wamalize wiki na dakika nyingi.

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti kutaja dakika zake za mwaka ambao mimi sijazaliwa. Mwenyekiti aligonga meza. Wendell hakucheka, alikuwa bado amesimama anasubiri jibu lake.

"Wendell," Reggie akasema, "umekaa na mimi mle kibandani miaka yote ya ligi ya wazee. Kuna siku hata moja ulitoka umejifunza kitu?"

Wendell alifikiri kweli kweli. "Nilijifunza refa ni kipofu."

"Ndicho nilichokuwa nawafundisha watoto wenu. Sasa nimeacha. Hicho chumba kuwa kitupu labda ndiyo dalili kwamba kuna kitu kimeshika. Labda siyo. Sijui, na sitawadanganya. Nataka mwaka mwingine nijue."

Akarudi kukaa. Nilikuwa nimesimama karibu na maharage na niliona sura ya Haskell. Mtu anayeomba pesa hasemi sijui. Hakuna kitabu cha kuombea pesa duniani kinachokuambia useme sijui.

Watu walizungumza, mama mmoja alimtetea, mwingine akasema barabara zina mashimo. Halafu Wendell akaomba tena nafasi, na akatoa hoja: lile fungu likatwe nusu. Leseni ya kompyuta iachwe, chumba kirudi kuwa stoo, nafasi ya kazi ibaki nusu siku. Kwetu ukitaka kitu kipite, kata nusu. Tumekata nusu maktaba, tumekata nusu kikosi cha zimamoto, kanisa moja limekata nusu padri, wanagawana na mji wa jirani. Nusu inamfanya kila mtu ajione mwenye busara. Kadi za kijani zikainuka kama shamba, hoja ikapita, na watu wakapiga makofi wakimwangalia Reggie, wanadhani wamemwokoa.

Wendell mwenyewe alidhani hivyo. Alimfuata mlangoni na keki mkononi, uso umejaa kuridhika, akamwambia walitaka kufuta lote, yeye ndiye aliyeokoa nusu.

"Wendell, kazi ya nusu siku haina bima."

Hakuelewa mara moja. Reggie akamwambia tena polepole, kwamba chini ya saa fulani kwa wiki mfanyakazi wa wilaya hapewi bima, kwamba ya sasa inakwisha mwisho wa Agosti, na kwamba Lucien ni Lucien. Wendell alisoma kitabu chote cha bajeti, lakini hilo halikuwa kwenye kitabu cha bajeti. Keki ilibaki mkononi. Akasema mbona hukusema pale mbele. Reggie akasema pale mbele ilikuwa ni habari ya watoto.

Juni ile ilikuwa mbaya nyumbani kwao. Lucien alianza kuhesabu chupa za dawa kwenye friji na kujifanya hahesabu. Dada yake Reggie akampigia kutoka New Hampshire kumwambia kuna kazi ya bima kamili kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, aje. Reggie angeikubali. Aliniambia hivyo bila aibu: masomo ya hisia ni kitu kizuri, lakini haoni hisia yoyote itakayomsaidia mume wake akianguka jikoni.

Aliyepata njia ni Haskell, na aliipata kwa uchovu zaidi kuliko kwa akili. Alikuwa kwenye simu na ofisi ya usafiri anagombana juu ya madereva. Wilaya yetu haijawahi kuwa na madereva wa kutosha wa mabasi ya shule. Bango la kuwatafuta limekaa nje ya karakana mpaka rangi imepauka. Fungu la usafiri hakuna anayeligusa kwenye mkutano, linapita watu wakiwa wanatafuta haradali. Na dereva anafanya kazi asubuhi na mchana, katikati yuko huru. Haskell akaweka simu chini, akajumlisha saa za dereva na saa za nusu siku ya programu. Zilivuka kiwango cha bima.

Reggie alikataa kwanza. Akasema yeye si dereva wa basi, ni mzee, na basi ni refu kama sala za askofu. Halafu akaomba siku mbili. Halafu akaenda kuchukua fomu za leseni kubwa ya udereva.

Wendell alitoa uwanja wake wa nyuma kwa mazoezi, na hakuna aliyemwomba. Jioni za Julai ungewaona pale kati ya magari mabovu, yeye anapanga mapipa, Reggie anarudisha basi kinyumenyume na kuyagonga. Walitukanana sana. Yeye alimwambia anaendesha kama anamkimbia mdai, Reggie akamwambia angekuwa na mdomo mdogo angekaa barafuni zaidi. Mtihani wa kwanza alianguka kwa sababu kabla ya kuvuka reli alisahau kufungua mlango na kusikiliza kama treni inakuja, na kwetu hiyo ni sheria ya basi la shule. Wa pili alipita, Agosti ikiwa inayoyoma. Barua ya bima ilikuja Ijumaa, na Lucien akaibandika kwenye friji kwa sumaku ya kamba wa baharini, akaacha kuhesabu.

Sasa anaendesha basi namba nne, lile la barabara ya mtoni, na kati ya safari anamalizia ile nusu siku yake madarasani. Nilimwomba nipande nione, akakataa, sheria hairuhusu mgeni. Kwa hiyo nilisimama asubuhi moja ya Oktoba kwenye kituo cha kwanza, giza bado, pamoja na watoto wanne na mama mmoja aliyevaa koti juu ya nguo za kulalia. Basi likasimama, mlango ukafunguka, na kila mtoto alipopanda ngazi Reggie alimuuliza umeamkaje. Hilo tu. Mmoja akasema fresh. Mwingine akasema njaa, akapewa biskuti kutoka mfukoni. Wa tatu hakujibu, na Reggie akamwonyesha kiti cha nyuma yake tu, yule mtoto akakaa pale bila kubisha. Hakuna bango, hakuna zulia, hakuna leseni. Wakifika shule anasimama mlangoni kidogo na kila mwalimu anaambiwa anachohitaji kujua: huyu hajalala, huyu ana furaha ya ajabu mwangalie, huyu leo mwache.

Je, hiyo ndiyo programu ileile? Haskell anasema ndiyo. Wilaya inasema programu iliyonunuliwa imesitishwa, hata kwenye tovuti yao imeandikwa hivyo. Mimi bado nachunguza.

Ila kuna jambo moja nililisikia mwenyewe. Wiki iliyopita nilikuwa karakana ya mabasi, Reggie anasubiri kujaza mafuta, akaja Harlan Dow, dereva wa basi namba saba. Harlan ni mtu wa maneno machache, ameendesha tangu nikiwa darasa la pili, na basi lake lilikuwa na sifa ya kelele kuliko yote. Alijikuna shingo, akasema amekuwa akimsikia Reggie kwenye redio ya mabasi akisalimia watoto, na Jumanne na yeye akajaribu. Alimuuliza mtoto mmoja ameamkaje. Mtoto akaanza kumwambia mambo ya nyumbani kwao, akaendelea vituo vitatu, mambo mazito.

"Sasa nilikuwa sijui nifanye nini nayo," Harlan akasema. "Wewe huwa unafanya nini?"

"Hufanyi kitu," Reggie akamwambia. "Unaendesha. Ukifika unamwambia mwalimu wake."

Harlan aliitikia kwa kichwa polepole, akasema kumbe, na akaenda kuuliza mwalimu wa yule mtoto anaitwa nani.